Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kumuuguza mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uuguzi, na wenzangu wanaohamia wodi ya moyo kwa mara ya kwanza, na ndugu wanaokesha kando ya kitanda. Nimeanza na mambo ya msingi na kumalizia na hali ambazo hazitokei kila siku. Pale ninapotaja kipimo cha dawa, maagizo ya daktari na utaratibu wa wodi yako ndiyo yanayotangulia.

## Mambo ya msingi

1. Mapigo yasiyo na mpangilio ni nini hasa?

Moyo una umeme wake. Huanzia kwenye kifundo kidogo cha seli katika chumba cha juu cha kulia, husambaa kwenye vyumba vya juu (atiria), hucheleweshwa kidogo katikati ili damu ipate muda wa kushuka, kisha huteremka hadi vyumba vya chini (ventrikali) vinavyoisukuma damu mapafuni na mwilini. Kwa mtu mzima aliyetulia jambo hilo hurudiwa mara 60 hadi 100 kwa dakika, na nafasi kati ya pigo na pigo hulingana. Umeme ukianzia mahali pasipo pake, ukizunguka njia moja bila kutoka, ukikwama njiani au ukichelewa kuanza, mapigo yataenda mbio, yatazorota au yatakuwa ovyo.

Kwa muuguzi swali zito ni moja: je, kila pigo linafikisha damu? Pigo linalokuja mapema mno hukuta ventrikali haijajaa. Moyo umepiga, lakini mkononi hakuna kitu. Mengi yaliyomo humu yanatokana na jambo hilo.

2. Ni aina zipi nitakazokutana nazo zaidi?

Mtetemo wa atiria, ambao wodini tunauita AF, ndio mvurugiko wa kudumu unaoonekana zaidi kwa watu wazima. Atiria hazipigi, zinatetemeka tu, na ventrikali hupokea umeme bila utaratibu wowote. Damu inayotuama ndani ya atiria huweza kuganda, na bonge likichomoka huenda ubongoni na kuleta kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mgonjwa huyu ni kama mara 5 ya ile ya mtu asiye na AF.

Utaona pia mbio za ghafla zinazoanza na kukoma kama taa iliyowashwa na kuzimwa (SVT), mapigo ya polepole kwa sababu umeme umekwama njiani, na mvurugiko wa ventrikali ambao huweza kuua kwa dakika chache. Huo wa mwisho una swali lake, la 15.

3. Je, kila mapigo yasiyolingana ni ugonjwa?

Hapana. Kijana mwenye afya akivuta pumzi mapigo huongezeka kidogo, akitoa hupungua. Mwanariadha aliyelala anaweza kuwa na mapigo 45 na asiwe na tatizo lolote. Pigo la ziada la hapa na pale, lile mtu analolieleza kama "moyo umeruka", huwapata watu wengi wazima. Lakini andika kila unachokiona. Anayeamua kwamba jambo ni la kawaida aamue akiwa na kipimo cha ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, mkononi.

## Kumpima mgonjwa

4. Kwa nini nihesabu dakika nzima? Nikihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 si ni yale yale?

Ni yale yale kwa mtu ambaye mapigo yake yanalingana. Kwa mgonjwa huyu unaweza kukosea kwa mapigo 20 au zaidi, kutegemea umeanzia wapi kuhesabu.

Nitasema lililonifunza. Nikiwa bado mgeni kazini nilimpima mama mmoja mzee alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu. Nilishika kifundo cha mkono kwa sekunde 15, nikaandika 88, nikaendelea na kitanda kingine. Dada mkuu wa zamu iliyoingia aliweka stetoskopu chini ya titi la kushoto la mama yule, akaniambia nishike mkono, tukahesabu pamoja dakika nzima. Yeye alipata 124. Mimi nikapata 92. Mapigo 32 yalikuwa yanapotea njiani, na mama alikuwa amesema tangu usiku, "Mwanangu, nachoka hata kugeuka." Mimi nilidhani ni uzee.

Kwa hiyo weka stetoskopu kwenye ncha ya moyo: nafasi ya 5 kati ya mbavu, upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Hesabu sekunde 60. Mkiwa wawili, mmoja asikilize moyo na mwingine ashike mkono kwa wakati huo huo, na saa iwe moja. Tofauti kati ya namba hizo mbili iandikwe kwenye chati, kwa sababu inaonyesha ni mapigo mangapi hayafikishi damu. Dawa ikifanya kazi, tofauti hupungua.

Andika pia jinsi mapigo yalivyo. "Hayalingani hata kidogo" na "yanalingana ila kila pigo la 3 linakosekana" ni habari mbili tofauti kwa daktari.

5. Mashine ya presha na kile kifaa cha kidoleni vinaaminika kwa mgonjwa wa AF?

Kwa tahadhari. Mashine ya presha hutegemea mapigo yanayofanana, na kwa AF kila pigo lina nguvu yake, hivyo inaweza kutoa namba tatu tofauti ndani ya dakika tano. Pima zaidi ya mara moja, na kama namba haziendani na hali ya mgonjwa, pima kwa mkono na stetoskopu, ukishusha hewa taratibu. Kifaa cha kidoleni kitakupa kiwango cha oksijeni, lakini hesabu yake ya mapigo ni ya yale tu yaliyofika kidoleni. Hiyo si kasi ya moyo (swali la 4).

6. Dalili zipi zinanilazimu kumwita daktari papo hapo?

Presha iliyoshuka, hasa ya juu ikiwa chini ya 90. Kuzimia au kukaribia kuzimia. Maumivu ya kifua. Kupumua kwa shida au mapafu kujaa maji. Kuchanganyikiwa kwa mtu aliyekuwa na akili timamu asubuhi. Ngozi ya baridi yenye jasho isikupite. Mojawapo ya dalili hizi ikiambatana na mapigo ya mbio au ya polepole, usiondoke kitandani. Mtume mwenzako aite daktari na alete toroli la dharura. Wewe hakikisha kanula (mrija mdogo wa mshipani) inapitisha, mpe oksijeni kama kiwango kimeshuka, na uchukue ECG ya mielekeo 12 (inayotazama umeme wa moyo kutoka pande 12) iwapo haicheleweshi tiba. ECG iliyochukuliwa wakati wa tukio ina thamani kubwa kuliko kumi za baada ya moyo kutulia.

Mdomo uliopinda ghafla, mkono uliolegea au maneno yasiyoeleweka ni kiharusi mpaka ithibitike vingine. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Uamuzi wa tiba unategemea saa hiyo.

## Monita na ECG

7. Vibandiko vinadondoka na mstari unatetemeka. Nifanyeje?

Mara nyingi kosa ni ngozi haikuandaliwa. Punguza nywele, safisha kwa maji na sabuni, kausha, sugua kidogo kwa kitambaa, kisha bandika. Badilisha kila siku na uhamishe nafasi kidogo ili ngozi isichubuke.

Kwa ECG ya mielekeo 12, kibandiko cha V1 kinakaa nafasi ya 4 kati ya mbavu, kulia kwa mfupa wa kifua. V2 nafasi hiyo hiyo kushoto. V4 nafasi ya 5 kwenye mstari wa mtulinga. V3 katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa wa V4 kuelekea kwapani. Kosa ninaloliona kila mara ni V1 na V2 kuwekwa juu mno. Hesabu mbavu kwa vidole, usikadirie kwa macho.

8. Nakadiriaje kasi kwenye karatasi?

Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mkubwa mmoja ni sekunde 0.2. Mapigo yakilingana, gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya pigo na pigo. Yasipolingana, hesabu mapigo ndani ya miraba mikubwa 30, ambayo ni sekunde 6, kisha zidisha kwa 10.

9. Monita inaonyesha mbio za ventrikali lakini mgonjwa anapiga mswaki na kunisalimia. Niamini kipi?

Shika mkono wake. Kupiga mswaki, kujikuna na kutetemeka kwa baridi huchora mstari unaofanana sana na mbio za ventrikali. Ukipata mapigo ya kawaida mkononi na moyoni, hiyo ni michoro ya mtikisiko tu. Ila usiridhike kwa sababu anaongea: wapo wenye mbio za kweli za ventrikali wanaoongea vizuri kwa muda, kisha wanaanguka. Ukiwa na shaka chukua ECG na umwite daktari.

Kinyume chake nacho hutokea. Mstari umenyooka, mgonjwa anakutazama: waya umechomoka. Mstari umenyooka na hakuitikii: anza na mgonjwa, waya utaangaliwa na mwingine.

10. Kengele zinalia usiku kucha. Naruhusiwa kuzizima?

Usizime. Rekebisha. Kengele ya mapigo zaidi ya 100 kwa mgonjwa wa AF ambaye daktari ameridhika na 105 italia mpaka masikio yaizoee, na siku ya hatari hakuna atakayegeuka. Mwanzoni mwa kila zamu kubaliana na daktari mipaka inayomfaa mgonjwa huyo, iandike, na umwambie unayemkabidhi.

## Dawa

11. Digoksini, dawa ya kutuliza mapigo: lini niizuie?

Sikiliza moyo dakika nzima kabla ya kila dozi (swali la 4). Kwa mtu mzima, mapigo yakiwa chini ya 60, shikilia dozi na umpigie daktari, isipokuwa ameandika mpaka mwingine. Nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni ndogo sana. Mgonjwa akianza kukosa hamu ya kula, kutapika, au kusema taa zina rangi ya njano na duara kuzizunguka, fikiria sumu ya digoksini kabla ya kufikiria tumbo. Ndugu huona dalili hizi kabla yetu kwa sababu wao ndio wanaoona sahani ikirudi imejaa.

Potasiamu ikishuka, dawa hii huwa kali zaidi, kwa hiyo mgonjwa anayetumia pia dawa ya kukojosha afuatiliwe kwa karibu. Figo dhaifu nazo huiacha irundikane. Damu ya kupima kiwango ichukuliwe angalau saa 6 baada ya dozi, la sivyo namba itadanganya.

12. Na zile nyingine za kutuliza mapigo?

Beta-bloka hushusha mapigo na presha. Pima vyote viwili kabla, ulizia pumu, na mfundishe mgonjwa asiache ghafla, kwa sababu mapigo hurudi kwa kasi. Amiodaroni ya mshipani huunguza mishipa midogo. Itazame kanula kila mara, na kama matibabu yatarefuka ipite kwenye mshipa mkubwa wa kati. Anayeimeza kwa miezi mingi hupimwa tezi ya thairoidi, ini na mapafu, na ajikinge na jua.

Adenosini, ya kukomesha SVT, ni ya pekee: huisha nguvu ndani ya sekunde chache. Kanula iwe kubwa na iwe karibu na kiwiko. Dawa isukumwe kwa kasi na kufuatiwa papo hapo na mililita 20 za maji ya chumvi, huku ECG ikiendelea kuchora. Mstari utanyooka kwa sekunde kadhaa. Mwambie mgonjwa mapema: "Utahisi kifua kimebana, kama unakufa. Kitapita haraka, nami nipo hapa." Asiyeambiwa hukumbuka sekunde zile maisha yake yote.

Kabla ya adenosini, mgonjwa wa SVT aliyetulia hujaribiwa kupuliza bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15 akiwa ameketi nusu, kisha analazwa chali na kuinuliwa miguu kwa sekunde 15. Kazi hii ni ya watu wawili, nayo wakati mwingine hutosha.

13. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda nimwangalie nini?

Kutokwa damu: fizi, mkojo, choo cheusi kama lami, michubuko isiyo na sababu, na kichwa kinachouma ghafla baada ya kuanguka. Hili la mwisho ni la dharura hata kama anaonekana mzima.

Warfarini hupimwa kwa INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inavyochelewa kuganda, na kwa AF ya kawaida lengo ni 2.0 hadi 3.0. Mboga za majani zenye vitamini K si haramu. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, ndiyo siri yake. Dawa mpya hazihitaji INR, lakini nguvu yake huisha haraka, kwa hiyo dozi zilizorukwa humwacha bila kinga.

Wengi huacha dawa siku mapigo yanapotulia. Hapo inahitajika subira yetu: mwoneshe kwamba dawa hii inazuia bonge la damu, na AF inaweza kurudi usingizini bila yeye kuihisi.

14. Kwa nini kila mara tunapima potasiamu?

Kwa sababu umeme wa moyo unatembea juu ya chumvi hizi. Kiwango cha kawaida ni takribani 3.5 hadi 5.0 kwa lita, kwa kipimo cha milimoli, na wodi nyingi za moyo hupenda kisishuke chini ya 4. Magnesiamu iangaliwe pamoja nayo, kwa kuwa ikiwa chini potasiamu hukataa kupanda.

Potasiamu ya mshipani kamwe haisukumwi kwa bomba la sindano, husimamisha moyo. Huchanganywa kwenye dripu, mfuko hupinduliwa mara kadhaa ili isituame chini, na kwa kawaida haizidi milimoli 10 kwa saa bila monita.

## Dharura na mshtuko wa umeme

15. Mgonjwa ameanguka, haitikii, hapumui kawaida. Hatua ya kwanza?

Ita msaada na uanze kukandamiza kifua. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Mashine ya kushtua moyo ikifika, bandika pedi huku mwenzako akiendelea. Mtetemo wa ventrikali na mbio za ventrikali zisizo na mapigo hushtuliwa. Mstari ulionyooka na umeme usioleta mapigo havishtuliwi. Baada ya mshtuko rudi kifuani papo hapo, ukandamize dakika 2 kabla ya kutazama tena.

Mmoja ashike saa na kalamu tu. Adrenalini miligramu 1 hurudiwa kila dakika 3 hadi 5, na bila mwandishi kila mtu atadhani imepita dakika moja.

16. Namwandaaje mgonjwa wa mshtuko uliopangwa, ule wa kurudisha mapigo kwenye mpangilio?

Kama AF imezidi saa 48 au muda wake haujulikani, awe ametumia dawa za kuzuia kuganda kwa wiki 3 mfululizo bila kuruka, au atiria zichunguzwe kwanza kwa kipimo cha kupitia umio. Muulize kwa upole kama alikosa dozi. Akificha kwa hofu ya kukaripiwa, bonge linaweza kuchomoka siku hiyo hiyo. Baada ya mshtuko dawa huendelea angalau wiki 4.

Hakikisha hajala, potasiamu imesomwa, meno ya bandia yametolewa. Mashine iwe imewekwa ishtue sambamba na mapigo, na uthibitishe alama juu ya kila pigo. Mashine nyingi huhitaji kuwekwa upya kabla ya kila mshtuko. Oksijeni isogezwe mbali. Akiamka, angalia njia ya hewa, ECG, ngozi chini ya pedi, kisha mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili na aseme sentensi nzima.

## Betri ya moyo

17. Baada ya mgonjwa kuwekewa betri ya moyo, kifaa kinachosaidia mapigo ya polepole, muuguzi anafuatilia nini?

Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki, Arne Larsson, alikiwekewa Stockholm mwaka 1958. Alibadilishiwa vifaa mara nyingi na akaishi hadi 2001. Huwa nawasimulia wagonjwa wenye wasiwasi.

Angalia kidonda: uvimbe, joto, usaha. Kwikwi zisizokoma zinaweza kumaanisha waya unasisimua kiwambo. Kupumua kwa shida na maumivu ya kifua upande huo yaripotiwe mara moja, kwani pafu huenda limetobolewa. Mkono wa upande ule usiinuliwe juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6, lakini usifungwe kabisa, bega litakauka. Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, na kadi yake atembee nayo.

18. Mgonjwa amepandikizwa kifaa kinachoshtua moyo kutoka ndani, nacho kimemshtua nyumbani. Aje?

Mshtuko mmoja na anajisikia vizuri: awasiliane na kliniki siku hiyo hiyo. Miwili au zaidi ndani ya saa 24, au mmoja na hajisikii vizuri: hospitali mara moja, na asijiendeshe gari. Anayemshika wakati huo anaweza kuhisi mchomo mdogo, hatadhurika.

## Hali zisizo za kila siku

19. Mgonjwa aliyepandikizwa moyo ana mapigo ya polepole. Atropini, dawa ya kuongeza mapigo, itasaidia?

Usiitegemee. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake, na atropini hufanya kazi kupitia neva hizo. Adenosini nayo humpiga kwa nguvu kuliko kawaida. Mweleze daktari habari ya upandikizaji kabla dawa haijavutwa.

20. Na mtoto?

Viwango vyake ni vya umri wake, usitumie vya mtu mzima. Mapigo chini ya 60 kwa mtoto asiyepata damu ya kutosha, aliyepauka na kulegea, huhitaji kukandamizwa kifua hata kama bado unayahisi.

21. Mgonjwa mwenye betri akihitaji kushtuliwa kwa dharura?

Anashtuliwa kama wengine. Pedi tu ikae angalau sentimita 8 kutoka kwenye kifaa.

22. Mgonjwa anaogopa kulala, anasema moyo utasimama usiku. Nimwambie nini?

Usimwambie "usiwaze". Keti. Mwoneshe mahali mapigo yake yanapotazamwa na nani yuko zamu. Mfundishe kujipima mkononi mwenyewe, dakika nzima, na aandike kwenye kijidaftari. Nimeona mikono iliyokuwa inatetemeka ikitulia kwa sababu ilipata kazi ya kufanya. Punguza mwanga, panga dawa na vipimo vije pamoja ili asiamshwe mara nne, na mwulize kuhusu kukoroma: anayekatika pumzi usingizini huchochea AF, na kuna tiba.

23. Mgonjwa yuko mwisho wa maisha, ana kifaa kinachoshtua. Kiachwe?

Swali hili liulizwe mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kujibu. Katika saa za mwisho moyo huvurugika, na kifaa kitashtua tena na tena mwili unaoaga, mbele ya watoto wake. Mtaalamu wa kifaa anaweza kuzima mshtuko peke yake, bila upasuaji, huku kazi ya kusaidia mapigo ya polepole ikibaki. Kuzima hakumuui mtu na hakuumi. Ndugu waelezwe hilo kwa maneno hayo hayo.

Ikiwa usiku umefika na mtaalamu hayupo, sumaku maalumu ikiwekwa juu ya kifaa na kubandikwa kwa plasta husitisha mshtuko kwa vifaa vilivyo vingi, muda wote inapokaa hapo. Ulizia leo sumaku ya wodi yako imewekwa droo gani.